Khabari za Ibn Battuta Msafiri, na Mazingatio kwa Mwenye Kusafiri na Mwenye Kukaa

Himdi zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuwaamrisha waja wake watembee humo wakazingatie. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu yetu msomaji, sisi watu wa pwani ni kizazi cha safari. Wazee wetu walihesabu miaka kwa kaskazi na kusi, na aghalabu ya nyumba zetu zina babu aliyetoka ng'ambo, au mwana aliyekwenda ng'ambo asirudi. Kwa hiyo yatupasa kuliko wengine kujua safari humfanya nini mtu, nini humpa na nini humtwaa. Nasi katika kijitabu hiki tumependa kueleza maisha ya mtu mmoja aliyesafiri kuliko wote wa zama zake, naye ni Ibn Battuta. Watu wengi wamjua kwa wingi wa nchi alizozikanyaga. Wachache ndio wanaotazama ni vitu gani vilivyotoka mkononi mwake njiani, na hayo ndiyo tuliyoyakusudia.

Jina lake ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah al-Lawati at-Tanji. Alizaliwa katika mji wa Tanja, nchi ya Moroko, mwezi 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijra, nao ni mwaka 1304 wa Miladia. Jamaa zake walikuwa watu wa elimu, na wengine wao walishika ukadhi katika madhehebu ya Imamu Malik. Naye akasoma fikihi hiyo, na elimu hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake kila alikokwenda.

Mwezi 2 Rajabu mwaka 725, yaani 1325, alitoka kwao kwenda kuhiji, naye ni kijana wa miaka 21, na wazazi wake wote wawili wa hai. Alitoka peke yake, hana mwenzi wa kumliwaza wala msafara wa kufuatana nao. Kuagana kulikuwa kuzito kwake na kwa wazazi wake. Hakujua, wala wao hawakujua, kwamba macho yao hayataonana tena duniani.

Njiani alishikwa na homa kali. Alipoambiwa apumzike alikataa, akasema kwamba ikiwa Mungu amemkadiria kufa, basi na afe njiani hali uso wake umeelekea Hijazi. Akawa hawezi kujizuia juu ya mnyama kwa udhaifu, akajifunga kwa kitambaa cha kilemba chake asianguke. Kwa hali hiyo akafika Tunis. Watu wa mji wakatoka kuwalaki wasafiri, huyu akimkumbatia huyu na huyu akimwuliza khabari huyu, na yeye hakuna hata mmoja aliyemsalimu, kwani hakuna aliyemjua. Akalia mpaka hujaji mmoja akatambua lililomkuta, akamsogelea, akamsalimu na kumliwaza kwa maneno mazuri mpaka wakaingia mjini.

Hapa pana zingatio la kwanza. Kijana huyu alikuwa na nguvu ya kustahimili homa, illa hakuwa na nguvu ya kustahimili kutosalimiwa. Moyo wa mwanadamu umeumbwa kushikana, na ugeni ndio unaomwonyesha mtu jambo hilo. Wala haikuhitajiwa mali kumponya. Lilitosha neno la mtu mmoja asiyekuwa nasaba yake. Ewe mwenye kukaa katika mji wako, umwonapo mgeni ameketi peke yake kwenye baraza ya msikiti, usiseme humjui. Kutomjua ndiko kunakowajibisha kumsalimu.

Alipofika Iskandaria katika mwaka 1326 alimzuru mtu mwema aitwaye Burhanuddin al-A'raj. Mzee huyo akaona kwamba kijana apenda kuzunguka nchi, akampa salamu azifikishe kwa ndugu zake watatu, mmoja Bara Hindi, mmoja Sindi, na mmoja Uchina. Ibn Battuta akastaajabu, kwani niya yake ilikuwa hija tu. Lakini neno lile likaota moyoni mwake, na baada ya miaka mingi alizifikisha salamu zote tatu. Katika mwaka huo huo alipita Dameski, akaoa huko, kisha akaenda Makka kuhiji, na mkewe wa Dameski akamwacha na mimba. Tafadhali, msomaji, liweke jambo hili la mke wa Dameski katika fikira zako, tutalirudia.

Baada ya hija akazunguka Iraki na Uajemi, akakaa Makka, kisha akashuka Yemeni. Na katika mwaka 1331 akapanda chombo kuja kwetu. Alipita Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja. Aliwaona watu wa Mombasa kuwa ni Mashafii, watu wa dini na staha, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa madhubuti. Kwenye mlango wa kila msikiti pana kisima, na mtu huosha miguu yake kabla hajaingia. Na chakula chao kingi ni ndizi na samaki.

Kisha akafika Kilwa. Sultani wake zama hizo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, na watu walimwita Abul Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Alikuwa mnyenyekevu, akikaa na mafakiri na kula nao, na akiwatukuza watu wa dini. Siku moja ya Ijumaa, Ibn Battuta yupo, Sultani alitoka msikitini akielekea kwake. Fakiri mmoja wa Kiyemeni akamkabili njiani, akamwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile, na Sultani hakukasirika. Akarejea msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine na zile akazitoa. Fakiri akazifunga kwa kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Kisha mwana wa Sultani akazikomboa nguo hizo kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi badala yake, kama ilivyokuwa ada ya zama zile. Na Sultani alipopata khabari kwamba watu wamemsifu, akamwongeza tena watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sultani huyo alipokufa alishika mahali pake nduguye Daud, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akimjia humjibu kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakingoja, kisha wakapata kidogo, mpaka watu wakakoma kumwendea.

Tazama, ewe ndugu. Ndugu wawili, mji mmoja, hazina moja. Al-Hasan ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya mwamba wa bahari, lenye nyua na vyumba vingi na birika la kuogea, na kabla jumba hilo halijaishi kwa miaka mingi liliachwa. Mwenye kwenda Kilwa Kisiwani leo ataona magofu yake, na miti imeota kutani. Basi jiwe alilojenga limevunjika, na nguo aliyoivua njiani ingali yasimuliwa baada ya miaka karibu mia saba. Alichokizuia Daud hakuna anayejua kilikwenda wapi. Na mgeni wetu, Ibn Battuta, aliuona ukarimu huo wa al-Hasan kwa macho yake naye ni kijana wa miaka 27. Lakini kuona ni jambo moja na kujifunza ni jingine, na somo lenyewe alikuwa bado hajalisoma.

Alifika mpaka wa Sindi katika mwaka 1333, akaingia Delhi mwaka uliofuata. Hapo ndipo dunia ilipomfungulia milango. Sultani Muhammad bin Tughluq aliwapenda wageni wa elimu. Akamfanya kadhi wa Delhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, zaidi ya zawadi na mapato ya vijiji. Lakini mtu yule aliyetoka kwao na mnyama mmoja tu sasa alikuwa na farasi na watumishi na wageni wa kila siku, na kadiri alivyopewa ndivyo alivyozidi kutumia, hata madeni yake kwa wafanyi biashara yakafika dinari 55,000. Akalazimika kumwendea Sultani kwa mashairi ya kumsifu ili amlipie. Na katika Delhi hiyo hiyo alimzika binti yake mchanga asiyetimiza mwaka mmoja. Utajiri haukumzuilia mauti mtoto huyo hata kwa siku moja.

Kisha likaja la kumwamsha. Palikuwa na sheikh mmoja aitwaye Shihabuddin, mtu wa ibada, aliyekataa kumtumikia Sultani. Ibn Battuta alikuwa amekwenda kumzuru katika pango alilolichimba nje ya mji. Sultani alipomkamata sheikh, aliuliza ni nani waliokuwa wakimzuru, na jina la Ibn Battuta likatajwa. Akawekewa walinzi wanne wasiobanduka, na ilikuwa aghalabu ya waliowekewa walinzi hao hawasalimiki. Akafunga siku tano mfululizo, akifuturu kwa maji tu, akisoma Kurani na kumtegemea Mola wake. Sheikh akauawa, na yeye akaachiliwa.

Hapo akajiuzulu kazi. Akagawa vyote alivyokuwa navyo kwa mafakiri na maskini, akabadilishana nguo na fakiri mmoja, akajitia katika khidima ya mcha Mungu Kamaluddin Abdallah, aliyeitwa al-Ghari kwa kukaa kwake pangoni. Akakaa naye miezi mitano. Katika ibada yake alivaa joho la pamba la rangi ya buluu, na hilo lilikuwa ndilo vazi lake.

Sultani akamkumbuka. Akamletea farasi waliotandikwa, na watumishi, na nguo, na fedha za matumizi, akamtaka aende Uchina kuwa mjumbe wake, kwani amjua kuwa ni mpenda safari. Ibn Battuta akakubali. Lakini alipolivua joho lile na kuvaa nguo za Sultani, nafsi yake ilimlaumu. Akalihifadhi, na kila alipolitazama aliona nuru moyoni mwake.

Ndugu msomaji, twadhani kwamba katika khabari zote za mtu huyu hakuna iliyo na uzito kuliko hii. Mtu aliyevaa hariri za wafalme wengi hakusema hata mara moja kwamba aliona nuru katika hariri. Aliiona katika pamba. Naye alijua hivyo, na juu ya hivyo alirudi katika hariri. Basi asijisifu mmoja wetu kwamba ameijua dunia kuwa ni ya kupita. Kuijua ni rahisi. Kila mtu anaijua akiwa matangani, kisha akitoka hapo hugombana na nduguye kwa mnazi mmoja wa mpakani.

Akatoka Delhi katika mwaka 1342 na msafara mkubwa wenye zawadi za mfalme wa Uchina. Karibu na mji wa Kol wakavamiwa. Akatengwa na wenzake, akatekwa, akanyang'anywa, akatangatanga siku nyingi akila majani na matunda ya mwituni, mpaka akaokolewa na mtu asiyemjua aliyembeba mabegani. Mtu huyo alisema jina lake ni Moyo wenye Furaha.

Akafika Calicut, bandari ya Malabar. Zawadi za Sultani zikapakiwa katika marikabu kubwa ya Kichina, na mali yake na watu wake katika chombo kidogo zaidi. Ilikuwa siku ya Ijumaa, akabaki pwani ili aswali. Usiku bahari ikachafuka. Marikabu kubwa ikavunjika, wajumbe wakafa maji na zawadi zikapotea. Na wenye chombo kile kingine walipoona hivyo wakatweka tanga wakaondoka, na mali yake yote imo humo, na kijakazi wake mwenye mimba yake. Yeye akabaki ufukweni na dinari kumi na zulia alilolilalia. Baadaye alikuja kupata khabari kwamba mwanamke yule alikufa, na mali ikachukuliwa na wengine.

Alikwenda Maldives, akafanywa kadhi, akaoa wake wanne, akapata jaha, kisha akagombana na wakubwa akaondoka. Akaenda Ceylon, akapanda mlima uliotajwa kuwa na unyayo wa Nabii Adam, amani imshukie, na mfalme wa huko akampa vito vya thamani. Kisha, akiwa baharini katika pwani ya Malabar, vyombo kumi na viwili vya maharamia vikamzunguka. Wakatwaa lulu na yakuti, wakatwaa nguo na akiba aliyopewa na watu wema, wasimwachie illa suruali. Na joho la buluu likaenda katika hayo. Akaingia Calicut akiwa karibu uchi. Mwanachuoni mmoja akampelekea nguo, kadhi akampelekea kilemba, na mfanyi biashara mmoja akampelekea nguo nyingine.

Fikiri: yule aliyeona Kilwa Sultani akivua nguo zake kwa hiari, sasa yeye amevuliwa kwa nguvu. Mkono wa mwanadamu lazima uwe mtupu siku moja. Mwenye bahati ni yule aliyetangulia kuufungua mwenyewe.

Baada ya safari ya Uchina alirejea upande wa magharibi, na mwaka 1348 akaingia Dameski baada ya miaka ishirini na zaidi. Yule mke aliyemwacha na mimba alikuwa amezaa mtoto mwanamume. Khabari ilimfikia akiwa Bara Hindi, naye alimpelekea babu wa mtoto dinari arobaini za dhahabu. Sasa hakuwa na shughuli illa kumwuliza mwanawe. Akaenda msikitini, akakutana na imamu wa Kimaliki, akamsalimu na kujitambulisha na kumwuliza. Akajibiwa kwamba mtoto amekwisha kufa tangu miaka kumi na miwili. Kisha akaelekezwa kwa mwanachuoni mmoja wa Tanja aliyekuwako mjini humo, akamwuliza khabari za kwao, akaambiwa kwamba baba yake alikufa tangu miaka kumi na mitano, na mama yake angali hai.

Mwaka huo ndio wa tauni kubwa iliyoteketeza miji. Katika Dameski watu walifunga siku tatu, kisha wakatoka wote, wakubwa na wadogo, wanaume kwa wanawake, Waislamu na Mayahudi na Wakristo, kila kundi na kitabu chake, wakilia kumwomba Mungu. Na idadi ya waliokufa huko kwa siku moja ilifika elfu mbili na zaidi. Ibn Battuta akapita kati ya mauti hayo salama, akahiji tena, kisha akaelekea kwao, na moyo wake wamtaka mama yake. Alipofika Taza, mji ulio karibu na Fez, katika mwaka 1349, akapata khabari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Alipokwenda Tanja hakupata wa kumzuru illa kaburi.

Na hapa, ndugu zetu wanaume wa pwani, ndipo penye neno letu. Wako wanaosema kwamba kusafiri na kuacha ndiyo zuhudi, na kwamba mwenye kuwafikiri sana watu wake amefungwa na dunia. Hilo ni kosa. Zuhudi ni kutoa moyoni kilicho chako. Si kutupa haki iliyo ya mwenzio. Farasi na dinari za Delhi zilikuwa zake, naye alipozigawa alipata nuru. Lakini mtoto wa Dameski hakuwa mali ya kuachwa, alikuwa amana. Dinari arobaini zilifika, na baba hakufika. Nasi hatumhukumu mtu aliyekwisha tangulia mbele ya Mola wake, na tena twataja kwa haki kwamba huko Maldives alirudi kumtazama mwana mwingine aliyezaliwa nyuma yake, akamwona ni bora kwake abaki na mama yake, akamwacha. Ila twasema yale ambayo khabari yenyewe yasema. Mwanamume mwenye mke katika kila bandari asijiite mwenye kukinai, kwani ndoa si nyumba ya kupanga kwa musimu mmoja. Na mwenye mama aliye hai asiseme atamzuru musimu ujao. Kila kitu Ibn Battuta alichonyang'anywa na bahari alikipata mfano wake mahali pengine. Wale watatu hakuwapata tena.

Hakutulia mara moja. Alivuka kwenda Andalusi, kisha akakata jangwa mpaka nchi ya Mali, katika miaka 1352 na 1353. Huko aliletewa zawadi ya mfalme, akainuka akidhani ni mavazi na fedha, akaona mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka. Labda kicheko hicho ni dalili kwamba nafsi imeanza kuelewa.

Mwaka 1354 alirejea Fez kwa amri ya Sultani Abu Inan, na Sultani akamwamrisha asimulie aliyoyaona, na katibu aitwaye Ibn Juzayy akayaandika. Kitabu kilikamilika mwezi 3 Mfungo Tatu mwaka 756, yaani 1355. Wako watu katika baraza waliomsadiki kwa shida. Baada ya hapo akashika ukadhi katika mji mmoja wa Moroko, akiamua kesi za mirathi na talaka na mipaka, mpaka alipokufa. Yeye aliyekaa na masultani wa Hindi na Mali alimalizia umri wake katika kazi ya baba zake, karibu na alikotoka. Naye alimshukuru Mungu kwamba muradi wake wa dunia, yaani kutembea katika ardhi, ameupata kuliko mwingine, na kwamba kilichobakia ni akhera, nayo anaitumai kwa rehema za Mola wake.

Hayo ndiyo kukinai kunakotakiwa: mtu ajue alichopewa, akishukuru, ajue alichokosa, asikatae, kisha ageukie kilichobaki mbele yake. Wala haina haja ya kufika Uchina kwa hilo. Mwenye duka dogo na mwenye ngalawa waweza kulipata hapa hapa, kabla hawajanyang'anywa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Battuta na wazazi wake na wanawe, na atuwafikishe kutoa kabla ya kutwaliwa, na kuwarudia watu wetu kabla ya kuyarudia makaburi yao. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.